Upepo wa Pawtucket: Siku Kumi Nyuma ya Warushaji wa Kiholanzi

Siku ya 1, Jumamosi. Rotterdam na Den Haag

Safari hii ilianzia kwenye chungwa, na chungwa lenyewe halikuwa langu. Nafanya kazi ya kuhudumia wazee majumbani hapa Rotterdam: kuogesha, kuvalisha zile soksi za kubana miguu, kupanga dawa za wiki. Mzee wangu wa asubuhi ana miaka themanini na ushee. Magoti yamemwisha, mikono bado hai. Siku moja mwezi Machi nilishika kisu nimmenyee chungwa, akalichukua mkononi mwangu, akaligeuzageuza, kisha akabana vidole viwili kwenye ganda kana kwamba anatafuta mshono.

“Win aliushika hivi,” akasema.

Nikadhani Win ni mtoto wake. Kumbe anamsema Win Remmerswaal, mrushaji wa besiboli, mzaliwa wa Den Haag, mwaka 1954, mtu wa kwanza aliyejifunzia besiboli Ulaya akafika ligi kuu ya Marekani. Nikamwambia mzee kwamba mpira wenyewe naujua. Hakuamini. Nikamweleza: nilisoma Azania, Dar es Salaam, na miaka ile Wajapani walikuwa wameuleta mchezo shuleni. Tulicheza kwenye vumbi, glovu moja watu wawili. Uwanja wa maana ulikuja 2018, mimi nimeshaondoka zamani. Mzee akanitazama kama mtu aliyeletewa mgeni wa ukoo.

Tangu siku hiyo tunaongea besiboli tu. Dada yangu anaishi Lowell, Massachusetts, na kwa miaka mitatu amekuwa ananiita nikamtembelee. Likizo ya Mei 2023 ilipotoka, nikaona niunganishe mambo: nimwone dada, na njiani nifuate nyayo za warushaji wa Kiholanzi. Mzee akanipa agizo moja tu, kuhusu Pawtucket, mji wa Marekani ambako Win aliwahi kurusha. “Ukifika Pawtucket, simama nyuma ya mrushaji anaposimama. Uniambie upepo unatokea wapi.” Nilipouliza kwa nini, akasema nitajua nikifika.

Basi leo nimeanza na Den Haag, dakika ishirini na kitu kwa treni. Nilikuwa na matumaini ya kijinga kwamba nitakuta angalau jina lake kwenye ukuta. Nikatembea mpaka miguu ikaniambia basi. Mji wa mahakama, mabalozi na baiskeli. Kwenye kiwanja kimoja cha besiboli nilikuta baba na binti wakirushiana mpira. Nikamuuliza yule baba kama anamjua Remmerswaal. Akafikiri kidogo, akaniuliza: mchezaji wa mpira wa miguu?

Nikaenda Scheveningen kula samaki.

Siku ya 2, Jumapili. Haarlem

Kwa msomaji ambaye besiboli kwake ni watu waliovaa pajama wakitafuna: mrushaji anasimama juu ya kichuguu cha udongo chenye urefu wa sentimita 25, mpigaji yuko mita 18.44 mbele yake ameshika gongo (la kupigia, si lile la kunywa; tutafika huko). Mrushaji akimpitishia mpira mara tatu bila kupigwa, yaani straiki tatu, mpigaji anakwenda kukaa. Akiupiga mpaka nje ya uzio, mrushaji ndiye anayetazama chini. Timu zinabadilishana zamu kwa raundi tisa, na zikiwa sare zinaendelea mpaka mshindi apatikane. Kumbuka hilo la sare.

Waholanzi wanauita mchezo huu honkbal. Honk ni kituo, mahali ambapo ukigusa hukamatwi, kama sisi tulivyokuwa tukiwahi kituo kwenye kombolela. Mwalimu wa Kiingereza aitwaye Grasé aliuona Marekani akaja nao Amsterdam mwaka 1911, na chama chao kikaundwa 1912. Zaidi ya miaka mia moja, basi. Na bado wenyeji wengi wanauona kama mchezo wa jirani.

Haarlem ni tofauti. Huku kuna uwanja wa Pim Mulier, na tangu 1961 kuna wiki ya besiboli ambapo timu za mataifa zinakuja kucheza wakati wa kiangazi. Cha kuchekesha ni kwamba Pim Mulier mwenyewe ndiye anayesifiwa kwa kuwaletea Waholanzi mpira wa miguu. Mwaka huu si mwaka wa mashindano, kwa hiyo nimekuta vijana wa mazoezi tu na wazazi wenye kahawa. Nimekaa nyuma ya uzio wa waya saa nzima nikimtazama kijana mmoja mrefu, mwembamba kama mlingoti, akirusha. Kabla ya kila mpira anafuta kiganja kwenye suruali mara mbili. Mara mbili, kila mpira. Kocha anamwambia aache, anaitikia, anafuta tena.

Historia ya warushaji wa hapa mzee wangu anaianza na Han Urbanus. Mwaka 1952 Urbanus alikwenda Marekani kufanya mazoezi ya kabla ya msimu pamoja na New York Giants. Hebu fikiria: nchi haijamaliza kujijenga baada ya vita, halafu kijana mmoja anapanda kwenda kuona wenye mchezo wao wanavyofanya. Alirudi na maarifa ya namna ya kuinua mguu, kuzungusha kiuno, kuachia mpira, na warushaji wa nyumbani wakajifunza kwake. Mzee wangu alikuwa mtoto wakati huo, na anasema watoto wote wa mtaa wao waliinua mguu kama Urbanus hata walipokuwa wanatupa mawe mferejini.

Matunda yalichelewa lakini yalikuja. Sydney 2000 Uholanzi iliifunga Cuba 4–2, na Cuba haikuwa imewahi kupoteza mechi ya besiboli kwenye Olimpiki. Panama 2011 wakawafunga tena Wacuba hao hao 2–1 kwenye fainali ya Kombe la Dunia. Kwenye kikosi kile alikuwemo mrushaji Rob Cordemans wa Schiedam, hapo karibu na kwangu, mtu aliyecheza Olimpiki tatu na kuendelea kurusha hata alipopita miaka arobaini. Nikiwa kazini Schiedam nauliza wateja wangu kuhusu Cordemans. Wawili wamemjua. Mmoja alikuwa jirani yake tu.

Siku ya 3, Jumatatu. Zeist

Nusu siku, na ilitosha. Treni hadi Driebergen-Zeist, halafu basi. Miti mirefu, nyumba kubwa, kasri lenye maji pande zote. Zeist ndiko yaliko makao ya chama cha soka cha Uholanzi. Timu ya taifa inafanya mazoezi msituni humu. Na hapa hapa, tarehe 6 Aprili 1951, alizaliwa Rik Aalbert Blyleven, ambaye dunia inamjua kama Bert, mrushaji mkubwa kuliko wote waliowahi kuzaliwa kwenye ardhi hii.

Alikuwa na umri wa miaka miwili hivi wazazi walipohamia Saskatchewan, Kanada. Baadaye wakashuka California, mji wa Garden Grove. Kwa hiyo Zeist ilimpa cheti cha kuzaliwa na jina gumu. Nilinunua mkate wa jibini, nikakaa kwenye benchi mbele ya kasri, nikampigia mzee simu ya video nikamwonyesha. Akasema, “Bata wengi.” Kweli, bata walikuwa wengi.

Siku ya 4, Jumanne. Angani, kisha Lowell

Schiphol hadi Boston. Ofisa wa uhamiaji akauliza nimekuja kufanya nini. Nikajibu: kumwona dada na kuangalia besiboli. Akatazama pasipoti ya Tanzania, akanitazama mimi, akatazama kibali changu cha Uholanzi. “Timu gani?” Nikasema sina timu, nina warushaji. Akagonga muhuri.

Shemeji alikuwa ananisubiri nje. Ni Mkenya wa Nakuru, kama wengi wa Lowell. Ukisimama dukani pale kwenye unga na sukuma wiki unasikia Kiswahili kabla ya Kiingereza. Njia nzima alikuwa ananicheka.

“Shem, wacha nielewe. Umetoka Uholanzi, kwa kina Cruyff, ukuje uone mpira wa fimbo?”

“Ndiyo, shemeji.”

“Na hao unaowafuata, wako hai?”

“Mmoja yuko hai. Mwingine alifariki mwaka jana.”

“Haya. Karibu Amerika.”

Mpwa wangu ana miaka sita. Amezaliwa hapa hapa, Kiswahili chake kinapanda na kushuka mahali pasipotarajiwa, na ana glovu yake mwenyewe ya rangi ya waridi. Hakuna aliyeniambia.

Siku ya 5, Jumatano. Fenway Park, Boston

Fenway ulifunguliwa Aprili 1912, mwezi mmoja tu baada ya Waholanzi kuunda chama chao. Uko katikati ya mji kama soko, umebanwa na mitaa, ndiyo maana upande wa kushoto kuna ukuta wa kijani wenye urefu wa zaidi ya mita 11: nafasi ilikuwa haipo, wakapandisha ukuta. Nikalipa ziara ya kuzungushwa, kundi la watu thelathini, wengi wao wazee wa Ohio wenye kofia mpya.

Agosti 1979 Remmerswaal aliitwa kujiunga na Boston Red Sox, akiwa na miaka 25. Alikuwa mrushaji wa akiba, yule anayeingia mambo yakishaharibika. Msimu ule mechi 8, uliofuata 14. Jumla 22, ushindi 3, kushindwa 1, na kwa kila raundi tisa alizorusha aliruhusu wastani wa pointi 5.50. Kwa hesabu ya ligi ile ni wastani mbovu, siwezi kumpamba. Lakini fikiria kijana aliyekulia kwenye viwanja vya Uholanzi, ambako mashabiki ni wazazi na mbwa, anatoka kwenye kibanda cha warushaji upande wa kulia kule, anakatiza majani haya, na ukuta ule unamtazama.

Nikamuuliza kiongozi wa ziara. Kijana mstaarabu sana. Akaomba nimtajie herufi za jina moja moja, akaahidi kutafuta jioni.

Ila Uholanzi haikukosekana Fenway. Nje, madukani, niliona jezi namba 74 kila mahali. Ni ya Kenley Jansen, mrushaji wa kufunga mechi, yule anayeingia mwishoni kulinda ushindi, mzaliwa wa Willemstad, Curaçao, kisiwa kilicho ndani ya Ufalme wa Uholanzi. Wiki chache kabla sijafika alikuwa ametimiza mechi 400 alizozifunga salama, idadi ambayo waliowahi kuifikia wanahesabika kwa vidole. Na huyu hakuanza kama mrushaji! Mwaka 2009, Uholanzi ilipocheza mashindano ya dunia kule San Juan, Jansen alikuwa mdakaji, anachuchumaa nyuma ya mpigaji na kinyago usoni. Mkono wake ndio uliowashtua watu. Mwaka huo huo alihamishiwa kwenye kichuguu.

Usiku mezani shemeji akaanzisha kesi. Yupi hasa ni Mholanzi? Aliyezaliwa Zeist akaondoka hata hajaota meno yote? Aliyekulia Den Haag? Au wa Curaçao, ambaye lugha yake ya nyumbani ni Kipapiamento? Mimi nikasema wote wana pasipoti au walikuwa nayo. Dada akasema pasipoti ni karatasi. Mpwa akauliza kama yeye ni Mtanzania, Mkenya au wa Lowell, na watu wazima wote tukagundua ghafla kwamba chai inapoa.

Siku ya 6, Alhamisi. Pawtucket

Tangu Januari mwaka huu kuna kituo kipya cha treni Pawtucket, kwa hiyo nilitoka Boston South Station na kahawa yangu bila kumsumbua mtu. Kutoka kituoni nikatembea. Mji wa viwanda vya nguo vilivyolala, matofali mekundu, duka la kufulia, kanisa la Wacape Verde. Halafu, nyuma ya mtaa wa nyumba za kawaida kabisa, McCoy Stadium.

Uwanja ulijengwa 1942 juu ya kinamasi. Kwa miaka 50 ulikuwa nyumbani kwa timu ndogo ya Boston, mahali wanapoiva kabla ya kuitwa Fenway, na wanaporudishwa wakishindwa. Timu imehamia Worcester, na McCoy umebaki na kufuli. Magugu yamepasua lami ya maegesho. Zamani watoto walikuwa wanakata galoni za maziwa, wanatia mpira na kalamu ndani, wanazishusha kwa kamba kutoka jukwaani mpaka mbele ya wachezaji walioketi chini, wanasubiri saini. Wanavua saini kama changu. Hakuna kiwanja kingine nilichowahi kukisikia chenye uvuvi wa namna hiyo.

Hapa ndipo palipochezwa mechi ndefu kuliko zote katika besiboli ya kulipwa.

Jumamosi ya tarehe 18 Aprili 1981, mkesha wa Pasaka. Pawtucket na Rochester. Taa zilisumbua, mechi ikachelewa kama nusu saa, ikaanza saa mbili na nusu usiku hivi mbele ya watu 1,740. Raundi tisa zikaisha 1–1. Kumi, kumi na moja, kumi na tano. Ligi ilikuwa na kanuni kwamba raundi mpya isianze baada ya saa saba kasoro dakika kumi usiku, lakini kitabu walichopewa waamuzi msimu ule hakikuwa na kipengele hicho, na mwamuzi ni mtu wa kitabu. Baridi ikawa kali hadi wachezaji wakawasha moto ndani ya mapipa, wakatia magongo yaliyovunjika, kisha mbao za mabenchi.

Remmerswaal hakuwa tena wa Fenway, alikuwa ameshateremshwa. Aliingizwa raundi ya 18. Upepo ulikuwa unavuma kutoka nyuma yake, kutoka uzioni kuelekea kwa wapigaji, na mipira iliyopigwa juu ilirudishwa kama barua isiyo na stempu. Mrushaji hawezi kuomba rafiki bora kuliko upepo huo. Akawazuia raundi ya 19. Akawazuia ya 20. Raundi ya 21 Rochester wakapata pointi, ikawa 2–1.

Kila mtu uwanjani alitaka kwenda kulala, wake kwa waume, waamuzi pamoja nao. Angeachiwa tu ashindwe, usiku ungeisha. Halafu akaja kupiga Wade Boggs, ambaye baadaye atakuwa mmoja wa wapigaji wakubwa wa zama zake, akaupeleka mpira mbali, ikawa 2–2. Wenzake hawakujua wamshangilie au wamtandike.

Remmerswaal alimaliza ya 22 akatoka. Raundi nne na theluthi. Wenzake wakaendelea hadi ya 32, ndipo rais wa ligi alipopatikana kwa simu akaamuru waache. Saa kumi na dakika saba alfajiri, Jumapili ya Pasaka. Majukwaani walibaki watu 19. Mrushaji mwingine wa Pawtucket, Luis Aponte, aliyekuwa ametoka raundi ya 10, alifika nyumbani usiku wa manane, mkewe akamfungia mlango: mechi gani ya besiboli inachezwa saa hizi? Tarehe 23 Juni wakarudi kumalizia. Dakika 18 tu, raundi ya 33, Pawtucket wakashinda 3–2. Siku hiyo waandishi walijaa, maana ligi kuu ilikuwa kwenye mgomo na hawakuwa na la kuandika.

Nilizunguka uwanja mzima nikitafuta mahali pa kuchungulia. Nilipata upenyo upande wa uzio wa nyuma. Ukipiga jicho moja kwa moja unakiona kichuguu, au pale kilipokuwa, majani yamekifunika, na mbele yake kituo cha mpigaji. Nilikuwa nyuma ya mrushaji, kama nilivyoagizwa, ingawa mbali. Nikachana mfuko wa plastiki wa mkate wangu, nikaufunga kwenye waya, nikasubiri. Mwanamke aliyekuwa anatembeza mbwa akapunguza mwendo, akanitazama, akaongeza mwendo.

Mfuko ulinyanyuka ukanijia usoni. Ukakaa hivyo. Nikaandika kwenye simu: saa nane na robo mchana, upepo unatoka kwa mpigaji.

Sikuondoka mara moja. Kazi yangu ni kuhudumia wazee, najua mwili unavyomtoka mtu kidogo kidogo, na kuna sehemu ya habari ya Remmerswaal ambayo nimeisoma mara nyingi kuliko takwimu zake. Hakurudi tena ligi kuu. Akaja Ulaya, akacheza Italia. Pombe ikamshika. Mwaka 1997 nimonia ilimlaza hadi akapoteza fahamu, na alipozinduka mwili ulikuwa umepooza. Aliishi robo karne zaidi akihudumiwa Italia, akafariki Julai 2022. Kuna mtu kama mimi, miaka yote hiyo, alikuwa anamgeuza ubavu kila baada ya saa chache, pengine bila kujua kwamba mkono ule uliwahi kurusha kwenye ile mechi ya raundi 33.

Siku ya 7, Ijumaa. Lowell

Mvua kutwa. Ugali, sukuma, kuku wa dada. Mpwa na mimi tumerushiana soksi zilizokunjwa kwenye korido. Nimemwonyesha namna ya kushika kwa chungwa. Vidole vyake havifiki.

Siku ya 8, Jumamosi. Cooperstown, New York

Shemeji alijitolea kuendesha, saa nne kwenda. “Nataka nione hao watu wana kanisa la besiboli,” akasema. Cooperstown ni kijiji, watu hawafiki elfu mbili, kando ya ziwa, na tangu 1939 kina jumba la makumbusho ambalo Mmarekani anayependa mchezo huu huliendea kama hija. Vibao vya shaba vimepangwa ukutani, kila kimoja na sura ya mtu. Watu wananong'ona. Shemeji akavua kofia, nadhani bila kujitambua.

Blyleven tulimpata, na kofia ya Minnesota.

Nilimsimulia shemeji nikiwa nimesimama pale, maana ndiyo raha ya kuja na mtu asiyejua. Baba yake alimchongea mtoto kichuguu cha kurushia nyuma ya nyumba kule Garden Grove. Mpira wake wa kupinda, ambao wapigaji waliuogopa kwa miaka ishirini, aliujenga kwa masikio: alikuwa anasikiliza redioni mtangazaji Vin Scully akieleza jinsi mpira wa Sandy Koufax unavyoanguka, halafu anatoka nje kuujaribu. Tarehe 5 Juni 1970, akiwa na miaka 19, alipanda kichuguu cha ligi kuu kwa mara ya kwanza, na mpigaji wa kwanza kabisa, Lee Maye, akautoa mpira nje ya uzio.

“Wa kwanza?”

“Wa kwanza. Na mechi wakashinda 2–1.”

Alicheza misimu 22. Straiki tatu aliwapa wapigaji 3,701. Mechi 60 aliimaliza timu pinzani bila pointi hata moja. Septemba 1977 alicheza mechi nzima dhidi ya California bila mpigaji yeyote kupata pigo halali. Ubingwa wa 1979 na Pittsburgh, wa 1987 na Minnesota. Ila mwaka 1986 waliupiga mpira wake nje ya uzio mara 50 katika msimu mmoja, rekodi ambayo hakuna mrushaji anayeitamani. Napenda kwamba namba hizo mbili, ile ya 3,701 na hiyo ya 50, ni za mkono mmoja. Na alikuwa mtundu: wenzake wakisinzia kwenye benchi aliwachomea kamba za viatu kwa kiberiti.

Wapiga kura walimchelewesha. Ili uingie jumba hili unahitaji asilimia 75 ya kura za waandishi. Mwaka 1998 alipata 17.5. Mwaka uliofuata zikapungua zikawa 14.1. Mwaka 2010 akafika 74.2, akakosa kwa kura tano. Mwaka 2011, jaribio la 14, zikawa 79.7, na Julai akatawazwa, mzaliwa wa kwanza wa Uholanzi kuingia. Shemeji, ambaye ameomba uraia na anajua foleni ni nini, akapiga mluzi mdogo.

Kitu ninachomheshimia zaidi hakihusiani na kura. Machi 2009 alivaa jezi ya Uholanzi kama kocha wa warushaji kule San Juan. Wadominika walikuwa na mastaa wa kutisha. Uholanzi ikawafunga 3–2, na siku tatu baadaye ikawafunga tena 2–1 katika raundi ya 11, ikawatoa. Mechi hiyo ya pili ilianzwa na kijana wa miaka 20, Tom Stuifbergen, aliyerusha raundi nne bila kuruhusu pointi. Mtu aliyeondoka Zeist akiwa mtoto wa kubebwa alikuwa amekaa pale pembeni, akiwafundisha watoto wa nchi ambayo hakukulia.

Nikatafuta jina la Remmerswaal jumbani. Kibao hana, hakustahili, na nilijua kabla sijaja. Lakini nilitafuta. Shemeji alikuwa ameniacha, yuko dukani ananunua jezi ndogo. Namba 28, ya Blyleven. Kwa bintiye, akasema, akiangalia pembeni.

Siku ya 9, Jumapili. Boston, uwanja wa ndege

Dada amenifungia chapati. Ndege imechelewa saa tano, maelezo hayakutolewa. Nimekula chapati zote.

Siku ya 10, Jumatatu. Rotterdam

Nilitakiwa kupumzika lakini saa mbili asubuhi nilikuwa kwa mzee. Mwenzangu aliyenishikia zamu alikuwa anamalizia soksi. Mzee hakuniuliza habari za dada wala za safari.

“Enhe?”

“Unatoka kwa mpigaji, mzee. Unamjia mrushaji usoni.”

“Saa ngapi?”

“Saa nane na robo mchana.”

“Mchana,” akasema, kwa sauti ya mtu anayemwonea huruma mjinga. “Ile ilikuwa usiku. Usiku ulikuwa mgongoni kwake.” Akanyamaza. Nje tramu ikapita. “Upepo mgongoni, na bado wakampata raundi ya 21.”

Nikamwambia kwamba Boggs alisawazisha. Akasema anajua, alisoma gazetini mwaka ule ule, na aliona ni ukatili: mtu ameshashindwa, mwacheni akalale.

Nikachukua chungwa na kisu. Akanyoosha mkono, nikampa. Nilingoja alishike kwa vidole viwili kama siku zote, anionyeshe tena. Alilimenya mwenyewe, polepole, ganda likitoka vipande vidogo vidogo juu ya blanketi, akala nusu, nusu akanipa mimi.